Siku Kikae Kilipoingia Mjini

Chumba nilalacho mimi na chumba alalacho mjukuu wangu vimepakana kwa ukuta mmoja wa mawe na chokaa, ukuta alioujenga marehemu baba yangu kwa mikono yake hapa Makunduchi, na kwa muda wa miaka miwili ukuta huo ndio uliokuwa mkalimani baina yangu na muziki wa kijana yule, kwa kuwa kila nilichokijua juu ya muziki wake nilikijua kwa kupitia mawe. Sauti nyembamba hazipenyi mawe. Kipenyacho ni mtutumo. Basi kila baada ya sala ya Isha nilikuwa nikisikia mtutumo wa haraka, mithili ya moyo wa mtu aliyekimbizwa, ukaendelea hata saa nne na saa tano za usiku, nami nikalala na yakini moyoni ya kwamba mtoto huyu, ambaye mama yake alikwenda Muscat kutafuta riziki akaniachia nimlee na kumsomesha, amezama katika ghasia isiyo na maana wala nasaba.

Neno nasaba naliandika kwa makusudi. Nimekuwa mwalimu wa skuli kwa miaka 34, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa Kiswahili. Nikifundisha shairi nilipenda kwanza kuonyesha limetoka wapi, bahari yake imerithiwa kwa nani, mizani yake imepimwa kwa kipimo gani, hata mwanafunzi aone ya kuwa hakuna utungo uliozuka wenyewe. Kitu kilichotoka ndani ya kompyuta, bila ya ngozi iliyowambwa, bila ya uzi uliokazwa, bila ya pumzi ya mpuliza zumari, nilikiona kuwa hakina wazee. Hukumu hiyo niliipitisha nikiwa nimejilaza kitandani, na leo nikiikumbuka hunijia haya, kwani hata kadhi mwenye haraka humwita kwanza mshitakiwa akasimama mbele yake.

Mwezi wa Januari 2019 kijana akaja barazani baada ya Alasiri, akakaa kwa adabu iliyozidi ya kawaida yake, akanieleza ya kwamba yeye na wenziwe watatu wamekubaliwa kutembea katika maandamano yanayofungua tamasha la Sauti za Busara mjini, na kwamba wazee wa wenziwe wameridhia kwa sharti moja tu, nalo ni kuwa aende nao mtu mzima. "Babu," akasema, "tumekufikiria wewe."

Tamasha lenyewe nilikuwa nikilijua kwa sifa. Lilianza mwaka 2004, na kila Februari huwakusanya wanamuziki wa Afrika ndani ya Ngome Kongwe, isipokuwa mwaka 2016, ambapo halikufanyika kwa upungufu wa fedha. Nayo siku ya mwanzo hutanguliwa na zafa kubwa ya ngoma, matarumbeta na wacheza sarakasi inayoanzia Ng'ambo ikaishia Forodhani. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kulitengeneza neno la kukataa. Bibi yake kijana, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, hakunyanyua uso. "Nenda nao, Mwalimu," akasema, "nami nipate usingizi." Kwa maneno hayo safari ikawa kwangu faradhi.

Sina budi kueleza hapa kwa nini moyo wangu ulikuwa mzito, maana sababu haikuwa muziki peke yake. Safari ya Makunduchi mpaka mjini, ambayo siku hizi kwa barabara ya lami ni jambo la saa mbili hivi na hakuna aijaliye, niliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1958, nikiwa mtoto wa miaka 12, ndani ya gari la shamba lenye bodi ya mbao, nimekalia gunia la nazi na sanduku langu la bati nimelipakata, nikienda kukaa kwa shangazi yangu Ng'ambo ili nipate kuendelea na masomo. Siku ya tatu ya skuli mwalimu akauliza swali, nikanyanyua mkono, nikajibu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini nililitoa kwa Kikae, lugha ya kwetu Makunduchi ambayo watu wa mjini wakiiita Kihadimu, lugha niliyonyonya pamoja na maziwa ya mama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenambia bado ya kwamba ni kitu cha kusitiriwa. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Hakikuwa kicheko cha uadui, na kwa sababu hiyo kilinichoma zaidi. Walicheka kama watu wachekavyo kumwona mtu ameingia sebuleni na jembe begani. Watoto wale walikuwa wamezaliwa na Kiunguja cha mjini, Kiswahili kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyosimamiwa tangu mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, na hawakuwa na haja ya kujiuliza kama kuna Kiswahili kingine.

Nikajifunza Kiunguja kama mtu ajifunzavyo kuogelea akiwa amekwisha kutupwa majini. Haukupita mwaka ila nilikuwa nikikisema vizuri kuliko baadhi yao, na nilipokuwa mwalimu nilikifundisha kwa ukali usio na kiasi, hata watoto wa Makunduchi walioponyokwa na neno la Kikae darasani niliwasimamisha mbele ya wenzao, na wengine niliwachapa. Nimewachapa watoto kwa kusema maneno ya mama yangu. Jambo hili sijapata kuliandika mahali popote kabla ya leo, na sina udhuru nitakaoutoa.

Alhamisi ya tarehe 7 Februari tukaondoka saa mbili ya asubuhi. Vijana walikuwa na kinanda kidogo cha umeme, kompyuta moja iliyofungwa kwa kanga ya bibi yake mjukuu wangu isije ikaingia vumbi, spika mbili, na mkoba wa nyaya. Spika zikapandishwa juu ya gari pamoja na matenga ya samaki, na konda akatutoza nauli ya mtu mzima kwa kila moja. Ndani, mbele yetu, walikaa wanawake kiasi cha saba wa Makunduchi wakielekea harusini Kikwajuni, wamejitia udi na asumini, nao walitutazama kwa udadisi, kwani hawakupata kumwona Mwalimu akisafiri na vyombo vya muziki.

Njiani nilimwuliza mjukuu wangu swali ambalo lilinipasa kumwuliza miaka miwili nyuma: ni muziki gani huu? Akanieleza kwa tuo, kama mtu aliyelingoja swali. Unaitwa singeli. Umezaliwa katika mitaa ya watu wa chini Dar es Salaam, Tandale, Manzese na Mburahati, ambako vijana wasio na uwezo wa kununua vyombo walikuwa na mchiriku wao wa vinanda vidogo vya umeme na ngoma, na ambako katika sherehe za kukesha ziitwazo vigodoro wapiga santuri walizoea kuchukua kipande cha taarab, pale mwanzo ambapo vyombo hulia peke yake kabla ya mwimbaji kuingia, wakakirudia kipande kile pasi na kikomo, wakakiongeza mwendo, na kijana mwingine akashika maikrofoni akaghani juu yake. Mwendo wake hufika mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. Mwaka 2017 mkusanyo wa nyimbo kutoka studio moja ya Mburahati, uitwao Sounds of Sisso, ulitolewa na kampuni ya Kampala, na mwaka uliofuata vijana wa studio ile wakaitwa kupiga Ulaya.

"Lakini mashine, mwanangu," nikamwambia. "Muziki wa mashine hauna mzazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa upole usio na ujeuri hata chembe: "Babu, Siti binti Saad si alikwenda Bombay kuimba mbele ya mashine?"

Sikuwa na jibu. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert nimewafundisha wanafunzi nisiowajua idadi, na habari za bibi yule nilikuwa nikizisimulia kwa moyo: jinsi alivyozaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akawa akitembeza vyungu na sauti yake ikimtangulia njiani, jinsi alivyohamia mjini mwaka 1911, jinsi taarab, ambayo katika majumba ya masultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, alivyoitia maneno ya Kiswahili yakafahamika na mpishi na mchukuzi, na jinsi mwaka 1928 alivyovuka bahari kwenda India, sauti yake ikatiwa katika santuri zikauzwa pwani yote. Yote hayo nilikuwa nikiyasoma kama habari za ushindi wa mwanamke wa shamba, na ndivyo yalivyo, walakini sikupata kuitia akilini mashine ile iliyokuwa mbele yake, wala sikupata kujiuliza kama palikuwapo mzee mmoja Fumba aliyesema ya kwamba sauti ikishaingia katika sahani nyeusi haina tena mwenyewe.

Tulipokwisha kupita Kitogani, chini ya miti ya Jozani, gurudumu la nyuma likatoa upepo. Gurudumu la akiba halikuwako. Konda akapanda pikipiki kwenda kulitafuta, na abiria wote tukateremka tukakaa kivulini, kima punju wakitutazama kutoka katika matawi. Jua likapanda, wanawake wa harusini wakaanza kuhofia kuchelewa, na mmoja wao, mtu mzima wa makamo yangu, akawaambia vijana: "Nyie wanangu, hizo spika zenu zinapambwa tu?"

Dereva akakubali nyaya ziunganishwe na betri ya gari. Nami, kwa mara ya kwanza tangu muziki ule uanze kunisumbua, nikausikia bila ya ukuta.

Mtutumo ulikuwapo, ule ule. Ila juu ya mtutumo palikuwa na mambo ambayo mawe ya baba yangu yalikuwa yamenizuilia: palikuwa na mkwasa unaogongwa kwa haraka, na cherewa zikitikiswa, na juu ya vyote palikuwa na fidla moja ikilia kwa uchungu na furaha kwa pamoja, kipande kifupi kikirudi na kurudi, na kila kiliporudi kilinivuta nguo. Naijua fidla ile, nikajiambia, naijua. Nikainuka nikaenda hata karibu na spika. Ilikuwa ni kidumbak, ngoma ya harusi zetu, na si kidumbak chochote tu, bali ni kile kilichopigwa uani kwangu mwaka 1998, usiku wa harusi ya binti yangu, mama yake kijana huyu, kilichonaswa kwa tepurekoda katika kaseti ambayo ilikuwa ikikaa ndani ya kabati langu, nami sikujua kuwa haimo tena. Mpiga fidla yule amekwisha kufariki. Katikati ya kipande, ukitega sikio, husikika sauti ya mwanamke ikipiga kigelegele kimoja kirefu, na kigelegele kile ni cha marehemu dada yangu.

Miaka miwili nilikuwa nimelala na harusi ya mwanangu upande wa pili wa ukuta, nikiomba inyamaze.

Wanawake walikuwa wamekwisha kusimama, na hawakucheza kwa kuiga vijana wa Dar es Salaam. Walitia makofi yao, yale makofi ya kupishana yanayosikika barabarani Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya Julai, wanaume wakipigana kwa mapande ya migomba na wanawake wakipita wakiimba. Mjukuu wangu akawatazama mikono, akainamia kompyuta, akapunguza mwendo kidogo, na ghafla makofi na mashine vikakaa pamoja kama mguu na kiatu. Mama yule mtu mzima akanitazama. "Mwalimu," akasema, "kumbe ni yetu!" Sikumjibu kwa kuwa koo lilikuwa limeniziba.

Tukafika mjini saa nane, baada ya Tunguu na msongamano wa Mwanakwerekwe, na saa kumi tulikuwa Kisonge, Michenzani, chini ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ambayo kila dirisha lake siku ile lilikuwa na vichwa viwili au vitatu. Nisingeweza kueleza yote yaliyokuwapo. Palikuwa na beni, matarumbeta yake yaking'ara, mchezo ambao babu zetu wa Lamu na Mombasa waliuzusha mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ukaenea pwani nzima. Palikuwa na watu wanaotembea kwa mironjo, warefu kama minazi michanga. Palikuwa na wapiga ngoma, na wageni wa kila rangi, na watoto wa mitaa ambao hawakualikwa na mtu nao ndio waliocheza kuliko wote. Vijana wangu walipewa nafasi nyuma, juu ya gari dogo la mizigo lenye jenereta.

Mmoja wa wale wenziwe, aliyekuwa na ilimu nyingi simuni mwake, alikuwa amenionyesha picha za maandamano ya namna hii katika miji ya Ulaya, malori yenye spika yakitembea na umma ukifuata: Love Parade ya Berlin, iliyoanza mwaka 1989 kwa watu kiasi cha 150 tu na baadaye ikajaza mamia ya maelfu ya watu, mpaka mwaka 2010, ilipofanyika katika mji wa Duisburg, ambapo watu 21 walipoteza maisha kwa kusongamana penye njia nyembamba. Habari hiyo ya mwisho ndiyo niliyoichukua moyoni. Nilikuwa nimeaminiwa watoto wa watu wanne, na nilipouona umma ule unavyoongezeka nikashika ubao wa nyuma wa gari kwa mkono wangu wa kulia, nikaazimia kutouachia hata tufike. Wazee wenzangu wanaodhani kwamba vijana hawatutaki katika starehe zao nawaambia kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanne wale aliyeniona mzigo siku ile. Kila baada ya hatua chache mmoja alikuwa akigeuka nyuma kutazama kama mkono wangu bado upo.

Tukashuka kuelekea Darajani. Msomaji wa mjini hupita Darajani kila siku bila ya kulifikiri jina lake, lakini sisi watu wa shamba majina ya mahali huyasoma kama vibao. Hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande mmoja nyumba za mawe za matajiri na upande wa pili vibanda vya udongo vya watumwa walioachwa huru, wachukuzi, wavuvi na watu waliotoka shamba, na daraja ndilo lililokuwa njia. Bahari ile ikafukiwa kidogo kidogo katika zama za Waingereza, barabara ikapita juu yake, na jina likabaki. Mwaka 1958 shangazi yangu alikuwa akinituma sokoni hapo, katika soko lililojengwa mwaka 1904, naye akinionya: "Ukifika Darajani, sema kama watu." Maana yake, usiseme Kikae.

Gari lilipofika mbele ya soko msafara ukasimama, kwa kuwa beni mbele walikuwa wamezingirwa. Mjukuu wangu akaiacha kompyuta kwa mwenziwe, akashika maikrofoni. Nilitaraji maneno ya Dar es Salaam. Alichokitoa kinywani mwake kilikuwa Kikae.

Kikae safi, kile cha bibi yake, na irabu zake na mikato yake yote, kikitoka katika spika mbili kikagonga ukuta wa soko na kurudi. Alikuwa akiita kama waitavyo wanawake wetu siku ya Mwaka Kogwa, mstari mmoja wa kuita, kisha kimya cha kungojea jawabu. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu, na mkono wangu ukatetemeka juu ya ubao, kwani niliyaona tena madawati, na vinywa vilivyofunguka, na mwalimu akicheka. Akaita mara ya pili. Ndipo kutoka ndani ya soko, penye meza za samaki, sauti ya mwanamume ikajibu, nzito, ya mtu aliyekaa mjini miaka mingi na aliyekuwa hajapata kualikwa kuisema lugha yake mbele ya watu; kisha wa pili, muuza ndimu; kisha wanawake wawili waliokuwa wakingojea gari la Kizimkazi; na alipoita mara ya tatu watu wa mjini nao, wasiojua maana ya neno hata moja, wakalidaka jibu kwa sauti yake tu wakalirudisha kwa kishindo. Hapakuwa na aliyecheka. Nikasikia mtu karibu nami akijibu kwa nguvu kuliko wote, kwa Kikae cha kizamani kisichosemwa tena hata na vijana wa kwetu, na ikanichukua muda kutambua ya kwamba mtu yule ni mimi.

Miaka 61 ilikuwa imepita tangu siku ile ya darasani.

Kutoka hapo tukafuata barabara mpaka Malindi, tukapinda Mizingani, bahari kulia kwetu. Katika nyumba ya zamani ya forodha, ambayo ndani yake Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, wakati ule kilikuwa kikifundisha qanuni, udi na fidla, wanafunzi walikuwa wamejipanga ghorofani, na mmoja wao, msichana mwenye fidla mkononi, alipokisikia kipande cha harusi yetu akakitafuta kwa upinde akakipata, akakipiga pamoja na gari mpaka tukapita. Sidhani kama anajua mpaka leo alikuwa akijibizana na nani. Ningetamani kumwambia.

Hapo ndipo adhana ya Magharibi ilipotukuta. Mjukuu wangu akanyoosha kidole kimoja akabonyeza kitufe kimoja, na dereva akazima jenereta. Beni wakateremsha matarumbeta yao, ngoma zikawekwa chini, na barabara nzima, ambayo punde tu ilikuwa ikitetemeka, ikawa kimya hata tukasikia maji yakipiga ukuta wa bahari na muadhini wa msikiti mmoja akimjibu wa msikiti mwingine. Mbele yetu, katika mwanga wa mwisho, ilisimama Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, nyumba iliyokuwa ya kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Mnara wake ulikuwa bado wima. Hatukujua ya kwamba katika Disemba ya mwaka uliofuata sehemu ya jumba lile ingeporomoka. Tukaenda kuswali, mimi na wale wanne, safu moja, majasho yakiwa hayajatukauka.

Ya usiku ule ndani ya Ngome Kongwe sitayasimulia kwa urefu, kwani nilikuwa nimechoka, na sehemu kubwa niliipitisha nimekaa penye ngazi, mkoba wa nyaya miguuni. Tulilala kwa binamu yangu Miembeni. Asubuhi yake, katika gari la kurudi, vijana walilala wote wanne wameegemeana, nami nikaishika kompyuta ndani ya kanga yake mpaka nyumbani, kwa hofu ya mashimo.

Bibi yake mjukuu wangu alikuwa barazani. Hakuniuliza muziki ulikuwaje; aliniuliza kama tumekula. Nilimwambia juu ya kigelegele cha wifi yake, naye akaingia chumbani kwa kijana, akakaa juu ya kitanda chake, akaomba achezewe kipande kile peke yake, bila ya mtutumo, na alipokwisha kukisikia mara tatu akaomba sasa kitiwe mtutumo wake.

Siku hizi baada ya Isha mimi hukaa upande ule wa pili wa ukuta. Nina daftari, la namna ile ile niliyokuwa nikisahihishia kazi za wanafunzi, na ndani yake naandika maneno ya Kikae kwa kadiri ninavyoyakumbuka: majina ya pepo na ya maji, majina ya namna za kukasirika, maneno aliyoyatumia mama yangu akisuka ukili. Mengine hunijia usiku wa manane nikaamka kuyaandika. Kwa baadhi yake nawakumbuka watoto niliowasimamisha kwa ajili yake, na wawili kati yao, ambao leo ni watu wenye wajukuu, nimekwenda majumbani kwao kuwataka radhi. Mmoja alilia, wa pili akanipa maneno matatu niliyokuwa nimeyasahau.

Juzi kijana aliniuliza tulikuwa tukiliitaje lile wimbi dogo la kwanza linaloonyesha kwamba maji yameanza kujaa. Nikalitaja. Akaniomba nilitaje tena karibu na maikrofoni, akainama, akabonyeza vitufe vyake. Na neno lile likatoka katika spika, mara moja, mara mbili, kisha pasi na kikomo, likipanda mwendo juu ya fidla ya harusi, kwa sauti yangu mwenyewe.